Bonsai ya bogenvilia imejaa majani tu, maua hakuna. Naombeni msaada wadau

binti_tabata

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Niko Dar, Tabata, nina bonsai ya bogenvilia nilinunua kwa vijana wanaouza miche pembeni ya barabara. Siku naichukua ilikua na maua ya pinki mpaka majani huyaoni, kimo chake kama sentimita 40 hivi, shina limejikunja vizuri na mizizi imetokeza juu ya udongo, yaani ukiitazama unaona kabisa mti mkubwa wa porini ila umekaa mezani. Maua yakadondoka nikajua ni kawaida nikasubiri. Sasa mwaka unaelekea kuisha, majani ndo yanazidi, makubwa ya kijani kibichi, matawi marefu yanachomoka kila upande yana miiba hatari, ila ua hata moja sijaliona.

Naitunza hivi. Iko barazani chini ya bati, jua inapata la asubuhi tu mpaka kama saa tatu. Maji naweka asubuhi na jioni, hapa nyumbani tuna kisima kwahiyo maji sio shida. Mbolea ni ya kuku iliyooza, na mara moja moja urea kijiko cha chai. Chungu ni kile kile cha sahani cha udongo ilichokuja nacho, kina tundu moja chini. Kukata matawi sijathubutu kwa kuogopa kuharibu umbo lake.

Jirani ananiambia niimwagie maji ya chumvi ndo itatoa maua, hii ni kweli? Na je kuna bogenvilia zinazotoa maua mara moja halafu basi? Naipenda sana, nataka ichanue tena kama nilivyoikuta.

Mzee wa Vyungu

Mdogo wangu, huo mti hauumwi, una raha kupita kiasi. Nimelea bogenvilia kwenye vyungu miaka mingi hapa Tanga na kila anayeniletea mti wa majani matupu nikimhoji yanatoka yale yale uliyoandika wewe, kivuli, maji mengi na mbolea ya kukuza majani.

Hiyo miiba unayoilalamikia ndo inakupa jibu. Kwenye bogenvilia mwiba na shada la maua vinaanzia sehemu moja, pale jani linapoungana na tawi. Mti ukiwa unakimbia kukua, una maji tele na naitrojeni tele, kile kichipukizi kinaishia kua mwiba. Ukipunguziwa mbio na ukapigwa jua la kutosha, kichipukizi hicho hicho kinakua shada. Mimi nikiona tawi limechomoka refu, limenyooka, lina miiba mikali, najua mwenye mti anamwagilia vipi hata kabla sijamuuliza. Na zile pinki unazoziita maua kiukweli ni majani yaliyobadilika rangi, yanakaa matatu matatu, ua lenyewe ni kile kibomba chembamba cheupe hapo katikati, ndo maana rangi inadumu wiki nyingi tofauti na maua mengine yanayonyauka haraka.

Sasa anza na jua. Bogenvilia asili yake Amerika ya Kusini, Brazil na nchi za jirani zake, ni mti wa jua, inataka masaa sita ya jua kamili kwa uchache na ukiipa nane inashukuru. Barazani chini ya bati itakupa majani mpaka uchoke. Ila usiitoe leo ukaiweka juani siku nzima maana hayo majani yamezoea kivuli yataungua, isogeze kidogo kidogo, siku za kwanza jua mpaka saa nne, halafu mpaka saa sita, baada ya wiki mbili hivi iache nje moja kwa moja.

Maji sasa. Asubuhi na jioni kwa mti uliopo kivulini ni mengi mno. Ingiza kidole kwenye udongo, ukikuta unyevu muache. Ukikuta pamekauka na majani ya nchani yameanza kulegea kidogo hapo ndo umwagilie, na ukimwagilia mwaga mpaka yatoke kwenye tundu la chini, sio kikombe kimoja cha kulowesha juu. Yakilegea atakunywa na kusimama tena, lakini yakifika kukauka na kuvunjika ukiyashika ujue umepitiliza. Chungu cha sahani kina udongo kidogo sana, ukishaitoa juani kuna siku jua la Dar litakikausha kwa mchana mmoja na kuna siku za mawingu kitakaa siku tatu, kwahiyo usijipangie ratiba, kila siku utazame.

Urea acha kabisa. Ina naitrojeni asilimia 46, hiyo ni mbolea ya kumkuzia mtu mahindi. Kijiko cha chai kwenye chungu cha sahani ni kingi kiasi kwamba una bahati mizizi haijaungua. Ya kuku nayo ina naitrojeni nyingi, ipumzishe. Baadae mti ukishatulia tafuta NPK ya 17-17-17, ile yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa, punje chache tu pembeni ya chungu mbali na shina, na uweke wakati udongo una unyevu.

Halafu hilo la kuogopa kukata, hapo ndo unajinyima mwenyewe. Bogenvilia inachanua kwenye machipukizi mapya, tawi la zamani likiachwa lirefuke tu maua machache yatakaa huko mwisho wa tawi na bonsai yako itapoteza umbo kabisa. Kata hayo matawi marefu ubakize majani mawili au matatu kutoka kwenye tawi kuu, fuata lile umbo la kichwa cha mti ulivyolinunua. Kila ulipokata yatatoka machipukizi mawili au zaidi, yaache yafike urefu wa kidole, halafu anza kubana maji. Kama jua lipo, ndani ya wiki sita mpaka nane hivi utaanza kuona rangi.

chalinze_moja

Mimi hapo kwenye chumvi namuunga mkono jirani. Bibi yangu kijijini ana bogenvilia kubwa ya uani, mvua zikiisha anatupia konzi ya chumvi pale chini na inachanua mpaka watu wanasimama kupiga picha. Sio nadharia hiyo, nimeiona kwa macho.

Kilindini

Ndugu yangu wa Chalinze, sikatai uliyoyaona, ila tumpe dadetu jibu kamili maana yake yeye ni mti wa chungu na wa bibi uko ardhini.

Chumvi ya jikoni haina chakula chochote cha maua. Inachofanya ni kuuzuia mzizi kunywa, maji yapo lakini mti hauwezi kuyavuta, kwahiyo unajiona uko kwenye ukame, na bogenvilia ikihisi ukame inachanua. Mti wa bibi mizizi imekwenda mbali na mvua ikija inaiosha ile chumvi inashuka chini. Tena mvua zikiisha ungechanua tu hata bila hiyo konzi. Kwenye chungu cha sahani chumvi haina pa kwenda, inabaki pale pale na kila ukiongeza inazidi, majani yanaanza kuungua kingo, ncha za mizizi zinakufa. Ukame wenyewe unaupata bure kwa kutomwagilia, kuna haja gani ya sumu?

Nadhani hili neno la chumvi limetoka kwenye chumvi ya haluli, ile ya famasi. Ile ni magnesiamu salfeti, kitu kingine kabisa, na kweli kuna watu wa maua huitumia, lakini inasaidia mti uliopungukiwa magnesiamu, ambao majani yake ya chini yanageuka manjano katikati ya mishipa. Binti anatuambia majani yake ni kijani kibichi, kwahiyo hata hiyo haina kazi kwake.

Na dadangu, umesema maji ni ya kisima. Yaonje. Visima vingi vya mwambao, kwenu Dar na huku kwetu Mombasa, vina chumvi chumvi. Chunguza ukingo wa chungu na ile sehemu ya juu ya udongo, ukiona ukoko mweupe basi chumvi umekua ukiitia kila siku bila kushauriwa na jirani. Dawa yake kinga maji ya mvua, umwage mengi kwa mkupuo mmoja yapite yatoke chini, rudia mara mbili tatu siku hiyo hiyo yaoshe udongo. Bogenvilia inavumilia chumvi kuliko maua mengi, ndio maana imejaa mitaa ya pwani yote, lakini huo uvumilivu una mwisho kwenye chungu kidogo.

miche_usa_river

Nashukuru kwa darasa, mimi niongezee mambo ya udongo maana sijaona mtu kauliza maji yanapita vipi. Mbolea ya kuku ikikaa mwaka mzima kwenye chungu cha sahani inasagika inakua tope, inaziba kila kitu. Fanya jaribio, mwagia maji halafu hesabu, kama yanasimama juu ya udongo muda mrefu kabla ya kuzama basi huko chini mizizi haipati hewa na habari ya kubana maji haitafanya kazi, juu patakua pakavu na chini tope.

Kama ndo hivyo itabidi uihamishe. Najua wazee wa bogenvilia wanasema iache ibanane ndo inachanua, na ni kweli mizizi ikijaa chungu mti hutulia na kutoa maua, lakini kubanana kwenye udongo unaopitisha maji ni tofauti na kuozea kwenye matope. Udongo wangu mimi natumia vile vijiwe vyekundu vyepesi vya volkano ambavyo huku Arusha viko kila mahali, wewe wa Dar ponda matofali ya kuchoma, chekecha uondoe vumbi lote ubaki na punje za ukubwa wa mbaazi na ndogo yake kidogo, changanya nusu kwa nusu na mchanga mnene wa mto na mboji, mkaa uliopondwa ukiutia kidogo ni vizuri pia. Mchanga wa baharini usitumie.

Tahadhari kubwa, mizizi ya bogenvilia ni myembamba na inakatika hovyo. Sio kama mkwaju au mfikasi ambao unaweza kuung'oa ukapiga piga udongo wote ukatoka. Ukiikung'uta hivyo bogenvilia inadondosha majani yote na inaweza isirudi. Itoe na udongo wake, punguza taratibu kwa kijiti pembeni na chini tu, kama theluthi, kiini usikiguse, rudisha na udongo mpya, lowesha, weka kivulini mpaka uone machipukizi mapya ndo unairudisha juani.

Muda nao. Video nyingi za bonsai zinatoka nchi za baridi, wanakwambia hamisha mti majira ya kuchipua, kata majira fulani, ukizifuata kama zilivyo utachanganyikiwa maana sisi majira yetu yanaendeshwa na mvua. Kwa Dar mimi ningehamisha mwanzoni mwa mvua, mti una nguvu ya kuota mizizi na jua sio kali, na ningekata matawi masika yakielekea kuisha, mwezi wa tano hivi, ili machipukizi mapya yakutane na kiangazi cha mwezi wa sita mpaka wa tisa. Hapo hata kubana maji hakuna kazi, mvua zenyewe zinakusaidia. Huku kwetu mambo yako kinyume kidogo, mwezi wa sita na wa saba kuna baridi, bogenvilia zinanyauka majani na kukaa kimya, tunasubiri kiangazi cha mwezi wa kwanza na wa pili ndo zinalipuka.

Jambo la mwisho, ukitaka kuyaelekeza matawi usitumie ule waya wa kufungia nondo, una kutu na unakata gome. Chukua nyaya za umeme za zamani, menya lile plastiki, shaba au alumini ya ndani ndo nzuri. Funga tawi likiwa bado changa la kijani maana likishakua mti linavunjika pap, halipindi. Na ukague kila wiki, bogenvilia inanenepa haraka na waya ukizama kwenye gome lile kovu halitoki.

mie_maskati

Asalam alaykum jamaa zangu. Mie ni mtu wa Unguja lakini naishi Maskati, na hapa bogenvilia zimejaa kila ukuta, kwa hivyo nami nina machache.

Kwanza bi binti, hakuna bogenvilia ya kuchanua mara moja halafu basi. Mti ukishapevuka unachanua mwaka hata mwaka, mara kadhaa, ukipata haki yake. Lakini kuna jambo sijaona mtu kulisema. Hizi bonsai za kuuza, nyingi ni kisiki kinene cha bogenvilia ya kawaida kisha wamepandikizia juu rangi nzuri, wakati mwengine rangi mbili tatu mti mmoja. Sasa kile kisiki cha chini nacho ni mti, kina nguvu kuliko cha juu, ukikiachia kinatoa matawi yake kwa kasi na kinakula chakula chote. Tazama hayo matawi marefu yatoka wapi. Yakiwa yatoka chini ya pale palipounganishwa, panakuwa na kovu au kifundo au gome limebadilika, basi hayo si ya kubakizia majani matatu, hayo yaondoe yote hadi mwanzo wake. Ukiyapunguza tu yatarudi mawili mawili na mwishowe rangi yako uliyoinunua itakufa, utabaki na mti mwengine.

La pili ni joto la chungu. Hapa kwetu kiangazi digrii zapita 40 na nimeona miti ikifa si kwa kiu, bali kwa mizizi kupikwa, chungu kimewekwa juu ya saruji juani. Dar hamfiki huko, lakini sakafu ya saruji ya saa nane mchana ni moto popote. Weka kipande cha ubao au matofali mawili chini yake hewa ipite, na maji umwagilie mapema asubuhi, si mchana wakati bomba lina maji ya moto. Sisi hapa maua yanakuja wakati wa baridi, kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi hadi joto lirudi, kila mji na wakati wake.

binti_tabata

Jamani asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Nimetoka kuikagua na tochi saa hii hii. Kovu lipo kweli, kama vidole vinne kutoka kwenye udongo, gome la juu limelainika na la chini lina mipasuko. Na matawi mawili yale marefu kabisa yenye miiba mibaya yanatoka chini ya hapo! Maji nimemwagia, yamesimama juu nimeanza kuhesabu nimefika sitini bado yapo. Ukoko mweupe upo upande mmoja wa chungu, sio mwingi. Mzee wa Vyungu, na wengine, nifanye yote kwa pamoja au? Huku vuli ndo imeanza, mvua zinapiga jioni jioni. Na yale matawi ya chini nikiyatoa, je yanaweza kua mche?

Mzee wa Vyungu

Ahsante mie_maskati kwa jicho hilo, na miche_usa_river uko sahihi, kwa maji yanayosimama hivyo na mimi nasema ihamishwe.

Usifanye yote siku moja mdogo wangu, utauchosha. Kesho toa yale matawi mawili ya chini, vaa glavu ngumu, kata kwa kisu kikali au mkasi wa matawi uliousafisha kwa spiriti, kata sambamba na shina usibakize kisiki maana kisiki ndo kinachipua. Mti wa bogenvilia ni laini, kidonda kikubwa kikiingia maji kinaoza mpaka ndani ya shina, kwahiyo pakaushe upake dawa ya kuziba vidonda vya miti, ukikosa ile gundi nyeupe ya maseremala inafaa. Mti ukae siku chache mahali pasipopigwa na mvua.

Wiki inayofuata, vuli ikiwa imekolea, ndo uihamishe kwa utaratibu ulioelekezwa na mdau wa Usa River, na kile chungu kisugue ule ukoko, toboa matundu mengine mawili na drili ya kuta. Siku hiyo punguza na matawi marefu ya juu ya kovu, kidogo tu, mizizi iliyopunguzwa isibebe majani mengi. Mbolea isiguse mpaka mwezi na nusu upite. Ikae kivulini chenye mwanga, ikichipua ianze safari ya kwenda juani. Mvua za vuli zikikatika mwezi wa kwanza utakua na machipukizi mapya na jua kali, hapo bana maji. Maua ya kwanza yakiwa machache yaache, yale mengi subiri baada ya masika, ukikata tena mwezi wa tano kama ulivyoambiwa.

Na hayo matawi ya chini usitupe kabisa. Yakiwa na unene wa kidole gumba kwenda juu yanaota vizuri, kata vipande vya shubiri moja, toa majani, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Yatatoa majani mapema na utafurahi, lakini hayo majani yanatumia akiba iliyomo kwenye kijiti, mizizi bado. Usiyavute kujaribu. Subiri mpaka yale machipukizi ya kwanza yakomae na yaanze kutoa mengine ndo uhamishe. Rangi yake itakua ya kile kisiki cha chini, huenda ikawa zambarau ya kawaida, sio pinki yako. Ila yakishika unapata visiki vya kujifunzia kukunja waya, na siku ukijua kupandikiza utachukua kijiti cha pinki yako uweke juu yake.